Mbuzi wa Pole

Sehemu ya Tisa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usinune. Nakurudisha njiani kwa haraka, halafu twende.

Huyu ni Mwantumu, mzaliwa wa Ilula, mke wa Shamsudin muuza vitambaa wa Mbalizi. Alikuwa akifungasha parachichi kwenye kampuni moja nje kidogo ya mji. Mwaka ule wa korona serikali ilisema chanjo ni hiari ya mtu. Kampuni ikasema asiyechanjwa asilisogelee geti. Mwantumu akachanjwa, maana alikuwa na binti wa kusomesha na hakuwa na ugomvi na sindano.

Wenzake walichanjwa wakaendelea na maisha yao. Yeye, wiki chache baadaye, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Zahanati ya kampuni ikamwambia huo ni uchovu wa kusimama, akapewa panadol na kurudishwa kazini. Ganzi ikapanda magotini, ikapanda kiunoni, mpaka siku alipoanguka na kreti mikononi. Huko hospitali ndipo alipoambiwa ukweli: kinga ya mwili wake imegeuka na kuanza kuzila neva zake mwenyewe.

Aliponea chupuchupu, lakini miguu haikurudi yote. Leo anatembelea magongo, na mguu wa kushoto unaburuza kama si wake.

Daktari Edmund, aliyemtibu, alishahamia Iringa. Mnakumbuka alivyotuzungusha: mara yuko zamu, mara yuko safarini, mara simu haipatikani. Kikao kilichopita hatimaye alifika Mbeya na kusema mbele ya hakimu kwamba jambo hili ni la nadra mno, kwamba yeye mwenyewe angechanjwa tena kesho, lakini kwa mama huyu haoni sababu nyingine isipokuwa ile chanjo, na kucheleweshwa ndiko kulikomharibu zaidi. Akaongeza kwamba mazoezi ya viungo ya mfululizo, chini ya mtaalamu, yanaweza kumrudishia ule mguu.

Mazoezi hayo ni ghali, na ndiyo fidia anayoidai Mwantumu. Hataki gari wala ghorofa. Anataka mguu wake.

Kabla sijaendelea niseme hivi: Mwantumu mwenyewe kaniambia nisimfichie kitu, hata aibu ya nyumbani mwake. Leo namtii, ingawa sijui kama Shamsudin atanisalimia tukikutana sokoni.

Asubuhi hiyo chumba cha mahakama kilikuwa ghorofani. Kesi yenyewe ilishaahirishwa hakimu akiwa semina, ikaahirishwa faili lilipopotea, ikaahirishwa umeme ulipokatika. Safari hii hakimu alikuwepo, faili lilikuwepo, umeme ulikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya mtu wa magongo kupanda ngazi.

Shamsudin alimfuata karani kuuliza kama hakuna chumba cha chini. Karani akamjibu kwamba maombi ya namna hiyo hupelekwa mapema. Shamsudin akamwambia aliyapeleka tangu mwaka jana, na aliyeyapokea ni yeye huyu huyu. Karani akasema basi yatashughulikiwa.

Shamsudin hakubishana. Aliinama, akambeba mkewe mgongoni kama anavyombeba kila alfajiri kwenda msalani, akapanda. Watu wakawapisha. Mwantumu aliuficha uso wake begani mwa mumewe, si kwa haya tu bali kwa hasira. Alichoka kuonewa huruma kwenye ngazi na watu ambao wangeweza kumshushia meza na viti viwili.

Huko juu mambo yalianza vizuri. Aliapishwa kwa Msahafu kwamba atasema kweli na kweli tupu. Wakili wake, dada mmoja mwembamba aitwaye Pendo, alimwongoza taratibu, naye akaeleza lile geti, ile ganzi, zile panadol, lile kreti. Mwantumu hakulia. Hakimu aliandika sana, na Shamsudin, aliyeruhusiwa kukaa jirani ili amsaidie mkewe kusimama, akaanza kutabasamu.

Kisha akasimama wakili wa kampuni, Bwana Asukile. Mtu mzima, mpole, sauti ya kumlaza mtoto. Wanangu, muogopeni wakili mpole.

Alianza kwa kumpa pole. Akamuuliza kama anasikia vizuri, kama kiti kinamtosha. Halafu akamuuliza, ulipotoka hospitali, kuna mtu yeyote wa kampuni aliyekuja kukujulia hali?

Mwantumu akasema ndiyo, alikuja Ezekia, yule wa utumishi, pamoja na wenzake.

"Walikuja mikono mitupu?"

"Hapana. Walileta mchele, sukari, mafuta na mbuzi."

"Mkawarudishia?"

"Mgeni akija na kitu humrudishii. Utakuwa umemtukana."

"Nakubaliana na wewe kabisa, mama. Na mwenye nyumba alipopokea, alisema nini?"

Hapo Mwantumu akanyamaza. Si kwamba hakukumbuka. Alikumbuka vizuri mno.

Siku ile alikuwa chumba cha ndani, kalazwa kwenye godoro chini, mama mkwe wake akimkanda miguu kwa mafuta ya moto. Ni Mama Shamsu, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka jana. Wanaume walikuwa sebuleni na kati yao na wanawake kulikuwa na pazia tu. Mwantumu aliisikia sauti ya mumewe, ikiwa imenyooka kama ya mtu anayehutubia harusi.

Shamsudin alisema: "Ndugu zangu, sisi hatumlaumu mtu. Hii ni kadari ya Mola. Kampuni mmetujali, mmefika mpaka nyumbani. Yaliyotokea tumeyafunika, hatuna neno na nyinyi."

Sasa niambieni, nani kwetu angesema vingine? Mtu kakuletea mbuzi mpaka mlangoni, umwambie mbuzi tunampokea ila lawama zipo pale pale? Hata aliyegongewa mtoto na pikipiki, akiletewa pole mbele ya wazee, husema ni kadari. Ndivyo tulivyolelewa. Shamsudin alimchinja yule mbuzi kwa mkono wake, wageni wakala wakashiba, Mzee Yunusu wa msikitini akaomba dua, wakaagana kwa kukumbatiana.

Ngozi ya mbuzi haijakauka vizuri, kampuni ikamwachisha Mwantumu kazi kwa kuwa hawezi kusimama.

"Mama, nakusubiri," Bwana Asukile alisema.

"Alisema maneno ya kupokea wageni," Mwantumu akajibu.

Wakili mpole akamgeukia hakimu na kuomba iruhusiwe video. Kumbe Ezekia siku ile, alipokuwa amekaa sebuleni na simu magotini kama mtu anayesoma ujumbe, alikuwa anarekodi. Pendo akasimama kupinga. Akasema hawakuonyeshwa mapema, akasema mtu harekodiwi nyumbani kwake bila kujua. Hakimu alisikiliza, akaandika, akasema ataipokea na uzito wake ataupima mwenyewe baadaye.

Ikachezwa. "Hatumlaumu mtu. Yaliyotokea tumeyafunika, hatuna neno na nyinyi." Sauti ya Shamsudin ilijaa chumba kizima. Shamsudin mwenyewe aliyekaa pale alikuwa anaangalia viatu vyake.

Bwana Asukile akaizima. Akaeleza kwa upole kwamba, kwa maoni ya upande wake, jambo hili liliisha kwa suluhu, barazani, mbele ya wazee, kwa njia ya heshima kuliko hata ya mahakama. Anayefufua kaburi la aina hiyo anatafuta nini? Hakimu akatazama saa ya ukutani na kusema wapumzike, warudi mchana.

Walikwenda kwa mama ntilie nyuma ya mahakama. Pendo aliagiza chai na hakuinywa. Alikuwa na shida moja: Mwantumu yuko katikati ya ushahidi, na wakili haruhusiwi kuongea na shahidi juu ya ushahidi wake kabla hajamaliza. Kwa hiyo akamkalisha benchi la pili, mgongo kwa mgongo, na kuongea na Shamsudin peke yake.

Basi Mwantumu akawa vile vile kama siku ya mbuzi. Watu wanazungumza habari za miguu yake, yeye yuko upande wa pili anasikiliza.

"Shemeji," Pendo alisema, "aliyeumia ni mkeo. Mwenye dai ni mkeo. Kama hakukutuma kusamehe, basi hakuna aliyesamehe. Nitaomba uongezwe kuwa shahidi. Watapinga, maana umekaa humo ndani asubuhi nzima, lakini nitaomba. Ukisimama, useme hukuwa na kauli juu ya dai lake, na hakukutuma."

Shamsudin alikuwa anakatakata chapati vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja. Mwishowe akamuuliza kama anaelewa anachomwomba. Mzee Yunusu yuko hai, wazee wa pale sebuleni wako hai. Asimame mbele ya watu aseme kwamba yeye, mume, nyumbani kwake hana kauli? Na zaidi ya hapo aseme lile neno alilolitoa kabla ya dua lilikuwa maneno ya mdomo tu?

"Sikusema uwongo siku ile," akasema. "Nilisamehe kweli."

Ndipo Mwantumu alipogeuka. Pendo akainua mkono kumzuia, lakini unamzuiaje mtu aliyenyamaza miaka?

"Uliisamehe miguu yangu, Baba Yasmini. Kama ni ya kusamehe, ungesamehe ya kwako."

Mama ntilie akaacha kukoroga. Pendo akainuka na kusema yeye anaenda kunawa mikono na hajasikia chochote.

Mwantumu hakuishia hapo. Alimwambia wakati yeye anasifiwa kwa uungwana sebuleni, kuna mtu nyuma ya pazia alikuwa hawezi kukunja goti. Hakuna aliyeingia ndani kumuuliza, wewe mwenye miguu, unasemaje? Mbuzi aliliwa, sifa zikaenda kwa Shamsudin, na yeye akabaki na magongo. Akamwambia amechoka. Amechoka na makarani, amechoka na madaktari wasiopokea simu, amechoka na ngazi, na leo amechoka na yeye pia.

Shamsudin angeweza kumjibu kwa mengi. Angeweza kumkumbusha nani anambeba alfajiri, nani anamfulia, nani aliuza cherehani za dukani ili daktari alipiwe nauli na malazi. Hakukumbusha hata moja. Akajifuta macho kwa upindo wa kanzu.

"Mama Yasmini," akasema, "nilisema vile kwa kuwa niliogopa. Nilijua tukiwakasirisha watakufukuza kazi. Nikaona nikiwapa neno zuri na wao watakuwa wazuri kwako. Mbona mimi ndiye mjinga."

Mwantumu hakuwahi kulisikia hilo. Miaka yote aliamini ulikuwa uungwana wa kujionyesha, kumbe ilikuwa hofu.

Pendo aliporudi, Shamsudin alikuwa amesimama. Akamwambia ampange kuwa shahidi. Atasimama na kusema hana kauli juu ya miguu ya mke wake, na watakaomcheka sokoni wamcheke mpaka wachoke. Pendo kwa mara ya kwanza siku ile akainywa chai yake, ingawa ilishapoa.

Nilipofika hapa mara ya kwanza, Mwantumu akinisimulia, nilidhani tumeshinda. Nikafunga kalamu kabisa. Mwantumu akaniambia fungua, bado.

Wakapanda tena ngazi, safari hii Mwantumu mgongoni mwa mumewe akiwa amemshika vizuri, mkono mmoja kifuani pake. Akakaa kwenye kiti cha shahidi. Hakimu akamkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo.

Bwana Asukile akasema amebakiwa na swali moja tu.

"Mama, mumeo kusamehe ni jambo moja. Inawezekana wakili wako atasema hukumtuma. Ni sawa, sina ugomvi na hilo. Kwa hiyo nataka tusikilize kipande kilichobaki."

Simu ikawekwa tena mezani. Sauti ya Mzee Yunusu ikatoka, nzito na ya taratibu, ikiomba dua. "Ee Mola, tumeipokea kadari yako. Tumewasamehe ndugu zetu hawa kwa yote, wao na sisi tusiwe na kisasi. Na mgonjwa wetu Mwantumu mrudishie miguu yake, atembee kama alivyokuwa."

Wanaume wakaitikia, amina.

Kisha, nyuma kidogo, wakati wote wamenyamaza, ikasikika amina nyingine. Ya mwanamke. Imetoka ndani, nyuma ya pazia, kavu, imevutwa kwa nguvu zote.

Hili ndilo Mwantumu alilokuwa amelisahau. Aliisikia ile dua kwa mbali, akaisikia pale ilipotajwa miguu yake, akainua viganja vyake kwa tabu na kuitikia kwa moyo wote. Aliitikia miguu. Nani ataombewa miguu asiitikie? Lakini dua ilikuwa moja na amina ilikuwa moja.

"Kama ni mdai mwenyewe aliyeitikia," Bwana Asukile alimwambia hakimu, "basi hakuna haja ya kuuliza nani alimtuma nani. Naomba atuambie tu, sauti hiyo ya mwanamke ni ya nani."

Pendo aliinama juu ya karatasi zake, na kalamu yake haikuandika kitu. Siku ile nyuma ya pazia walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni huyu aliyekaa kwenye kiti. Wa pili yuko makaburini Mbalizi, na hakuna mahakama itakayomwita.

Mwantumu alimtazama mumewe. Shamsudin alikuwa anamtazama yeye, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kidogo, kidogo sana, kwamba hapana, usikubali. Halafu midomo yake ikacheza bila sauti. Mwantumu alilisoma neno lile kabla halijamalizika.

Mama.

Huyu ni yule yule ambaye saa ya chai alikataa kusema hata kwamba neno lake lilikuwa la mdomo tu. Sasa anamwambia mkewe, aliyeapa kwa Msahafu, amsingizie marehemu mama yake. Mama aliyemkanda miguu hiyo mpaka mikono yake mwenyewe ikashindwa.

Neno moja tu, na mguu unaweza kurudi. Neno jingine, na kila kitu, daktari wa Iringa, ngazi, cherehani, aibu ya Shamsudin, vyote vimekwenda bure.

"Shahidi," hakimu akasema, "ulisikia swali?"

"Nimelisikia, mheshimiwa." Sauti ya Mwantumu ilikuwa kavu, kavu kama ile ya kwenye simu, na Bwana Asukile akainua uso haraka. "Sauti hiyo naijua."

Hakimu akashika kalamu. "Itaje."

Mwantumu akautazama mguu wake wa kushoto, kisha akamtazama mtoto wa marehemu, akafungua mdomo.